Vikapu Vilikufa na Nini

Wenzangu mnaobaki stoo,

Funguo nimekabidhi, na karatasi za makabidhiano nimezitia sahihi zote, hata ile iliyoandikwa "ngazi moja, nzima," wakati ngazi ile haijawahi kuwa nzima tangu niifahamu. Kwenye chai ya kuniaga mliniomba niseme neno. Nikasema ahsanteni, nikakaa. Neno lenyewe lilikuwa refu kuliko chai, na nilikuwa nimechoka. Bado nimechoka. Miaka thelathini na minne ya kutoa na kupokea vitu vya watu wengine inatosha. Magoti yameisha, kifua kimejaa vumbi la unga wa sabuni, na hata nyumbani mtu akipiga hodi huwa nataka kumjibu kwamba stoo imefungwa.

Ninaandika kwa sababu ya mwanamke mmoja wa ng'ambo ya mto, msukaji wa vikapu, Mama Zawadi. Aliwahi kusimama kwenye mlango huo huo mnaoufungua asubuhi, akaniuliza vikapu vyake vimekufa na nini. Sikuwa na jibu. Kwa kukosa kwangu jibu, yeye alipoteza jina lake sokoni. Nitafika huko. Ila kwanza mjue nilivyofundishwa kazi, maana bila hilo hamtaona kosa langu lilikuwa kubwa kiasi gani.

Vyeo sina vya kueleza. Nilianza nikiitwa Dada Stoo, nikawa Mama Stoo, na miaka hii ya mwisho wanafunzi walikuwa wakiniita Bibi Stoo wakidhani sisikii. Huko ndiko kupanda kwangu.

Siku ya kwanza ilikuwa Mbeya, kwenye shule ya bweni ya wasichana, mwezi wa sita. Mimi ni mtu wa Iringa, baridi naijua, lakini ile ya Mbeya ilikuja na upepo wake. Mtunza stoo alikuwa Mzee Mwambene, Mnyakyusa wa Tukuyu, mwembamba, mwenye koti la mvua ambalo alilivaa ndani na nje, mvua ikinyesha au isinyeshe. Hakuniuliza safari.

"Fagia kwanza, dada," aliniambia.

Nikatafuta fagio, sikuliona. Nikamwomba. Akanigeukia.

"Maiti iko wapi?"

Nikaweka mkoba chini taratibu. Nikadhani nimefika siku ya msiba na hakuna aliyenidokeza.

"Pole sana, baba," nikasema. "Nani amefariki?"

"Fagio," akasema. "Hapa hakuna kipya bila maiti. Fagio yako ya zamani iko wapi?"

"Mimi ndiyo kwanza nimefika leo, baba."

"Basi huna maiti. Fagia na tawi."

Nikaenda kuvunja tawi la mkaratusi nyuma ya bweni, nikafagia stoo nzima kwa tawi. Wapishi walinichungulia dirishani wakicheka. Jioni nilimwandikia dada yangu barua kwamba nimepata kazi, lakini bosi ni kichaa.

Hakuwa kichaa. Ile ndiyo ilikuwa kanuni ya stoo yake, na baadaye ikawa yangu: maiti kwanza. Mpishi akitaka ndoo mpya, alete ile iliyokufa. Matroni akitaka mafagio sita, alete visiki sita. Watu walidhani ni njia ya kuzuia wizi, na kweli wizi ulipungua, lakini mzee alikuwa na shabaha nyingine. Chini ya dirisha alikuwa na meza ya mbao, na juu ya meza kisu kifupi cha mpini wa mti. Kila maiti iliyofika ilipanda mezani. Aliigeuza, akaipasua, akatafuta ilikufia wapi, kisha akaandika kwenye daftari lake la jalada gumu. Juu ya jalada alikuwa ameandika VIFO. Ukifungua ndani unakuta: Ndoo, sikio. Ndoo, sikio. Fagio, kamba. Ndoo, sikio. Sufuria, kitako. Ndoo, mpishi.

"Ndoo haifi tumboni," alinifundisha. "Inakufa sikioni, pale waya inapoingia. Sasa wewe ukienda dukani utaangalia nini?"

"Sikio, baba."

"Wenzako wanaangalia rangi."

Hayo ndiyo masomo yangu ya manunuzi, na mpaka leo sijapata mengine yaliyoyazidi. Nilijifunza kuingia dukani na kupindua ndoo chini juu mbele ya mwenye duka, kubonyeza sikio kwa kidole gumba, na kuondoka bila kununua. Nilijifunza kwamba fagio linauawa na kamba mbovu, si na sakafu, kwa hiyo ukilinunua leo lifunge upya leo leo kwa katani kabla halijagusa vumbi. Kwanja la kufyekea majani hufia kwenye kona, pale chuma kilipopindwa. Sufuria za shule zilikuwa zinatoboka kwa sababu zilisuguliwa kwa mchanga. Mzee akapanda madodoki kwenye ua wa stoo, yakatambaa juu ya paa, na kuanzia hapo wapishi wakasugua kwa dodoki na majivu. Dodoki likichakaa unalitupa shambani, linaoza, halimdai mtu mazishi.

Tena nusu ya maiti wale, alisema, hawajafa, wamezimia tu. Aliwafufua. Ndoo iliyotoboka sikio aliitoboa tundu jingine chini kidogo, akapitisha waya nene na kipande cha tairi, ikarudi kazini miaka miwili zaidi. Akimaliza alikuwa akiipiga kofi. "Ndaga," aliiambia. Yaani ahsante, kwa Kinyakyusa. Aliishukuru ndoo.

Safari moja alinipeleka Chunya. Nilidhani tunakwenda kununua kitu. Tulikaa siku nzima kwenye vumbi lile tukiangalia wachimbaji wadogo wa dhahabu wakibeba mawe kwa makarai. Mzee alizunguka akiuliza watu karai lao lina umri gani na nani kaliuza. Hatukununua hata moja. "Karai ukiuliza dukani utadanganywa," aliniambia tukirudi. "Uliza kwa mtu anayelitesa." Wiki iliyofuata tuliagiza makarai manne tu, kwa fundi waliyemtaja wachimbaji. Mawili kati ya hayo yako bado Mbeya, nimesikia.

Kiswahili chetu nacho kimetuponza. Kitu cha bei ndogo tunakiita rahisi. Neno moja kwa kitu cha bei ndogo na kwa kazi isiyo ngumu. Kukinunua ni rahisi, kweli. Kuishi nacho sasa.

Mnaijua fomu ya kujiunga kidato cha kwanza. Enzi zile kila msichana alitakiwa kuja na ndoo mbili, fagio la chelewa, fagio la ndani, kwanja na jembe. Wazazi walikuwa na mengi ya kulipia, kwa hiyo walinunua kile cha bei ya chini kabisa, njiani, stendi, gari likiwa linanguruma. Kila Januari stoo ilijaa hadi darini. Kufika Pasaka korongo la nyuma ya shule lilikuwa limejaa ndoo zisizo na masikio. Shule yenyewe ilikuwa inaagiza takataka, na wazazi wanazilipia. Mzee Mwambene aliandika barua kwa mkuu wa shule, hazikujibiwa. Mwaka mmoja, siku ya kikao cha wazazi, tuliamka mapema tukazitoa maiti zote korongoni tukazipanga mistari kwenye uwanja wa paredi. Wazazi walipita katikati yake wakielekea ukumbini. Baba mmoja alisimama, akainama, akasoma jina la binti yake kwenye ndoo iliyopasuka. "Hii si ya juzi tu hii?" akauliza. Mwaka uliofuata fomu ilisema ndoo moja, yenye sikio nene, na fagio moja kwa wasichana wanne. Huo ndio ushindi wangu mkubwa kazini, na ulihusu ndoo.

Mzee alipostaafu aliniachia kisu. Daftari aliondoka nalo. Alisema wafu wale ni wa kwake.

Nikahamishiwa Iringa, shule yetu ya bweni ya wasichana hapo Ipogolo, nikaanza daftari langu. Stoo niliyoikuta mnaikumbuka ninyi wa zamani: mlima juu yetu, barabara kuu chini, malori yakishusha gia usiku na mchana. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, jiko likakosa vya kubebea mboga na mikate. Wauzaji walikuja na mifuko ya aina nyingine, myepesi, iliyoandikwa kwamba ni rafiki wa mazingira. Nikaupandisha mezani mmoja nikaupasua. Ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa plastiki.

Mama Zawadi alikuwa akiuza vikapu vya milulu kando ya barabara, kwenye jiwe lake. Milulu ni yale majani marefu ya mabondeni ambayo mama zetu Wahehe wanayakausha na kuyasokota. Nilimwamkia kwa lugha ya nyumbani, "Kamwene," akaitikia bila kuinua macho, mikono inaendelea. Nikachukua kikapu, nikakipindua, nikabonyeza kitako, nikavuta mshikio. Hapo ndipo aliponiangalia.

"Wewe unanunua ama unapima ng'ombe?"

Nikamweleza kazi yangu, na meza, na kisu, na kanuni ya maiti kwanza. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga.

"Na mimi nitaweka hiyo," alisema. "Mtu akija kutaka kikapu mpya, namwambia leta kwanza maiti ya ile. Nijue amemuua na nini mtoto wangu."

Nilichukua kumi na mbili. Alichelewa kuvitoa, kwa sababu alisuka viwili tu kwa wiki na hakukubali kuharakishwa. Bei yake ilinifanya niitwe ofisini. Alinipa masharti kama ya dawa: kisilale kwenye maji, kisikae juani siku nzima, kikilowa kininginizwe mdomo chini. Wapishi walinung'unika, lakini waliyafuata. Mwaka wa kwanza hakikufa hata kimoja. Mwaka wa pili kilikufa kimoja, kiliungua kwa uzembe. Nilimpelekea maiti, akaitazama, akasema, "Huyu ameuawa na moto, siyo mimi," akanisukia kingine. Tukawa marafiki kwa namna hiyo, kwa kubadilishana maiti.

Sasa nifike.

Walikuja wageni shuleni, watu wa mazingira, wakaona vile vikapu jikoni. Wakavipiga picha. Wakanipiga picha na mimi nimevishika. Mkuu wa shule akasimama kwenye ukumbi akatangaza kwamba kuanzia Januari kila mwanafunzi atakuwa na kikapu chake cha milulu, cha kwenda nacho bafuni, dukani, kila mahali. Wanafunzi mia tatu na hamsini. Akaniita mbele nikapigiwa makofi. Ilikuwa mwishoni mwa Novemba.

Nilijua haiwezekani. Mama mmoja, vikapu viwili kwa wiki. Hata mtoto wa darasa la pili angeweza kufanya hesabu hiyo. Ningeweza kusema pale pale: mkuu, tuchukue arobaini, kwa bweni la wadogo, kila mwaka arobaini. Sikusema. Makofi yale yalikuwa matamu. Naandika hivyo wazi kwa sababu nimeshachoka kujifanya kwamba nililazimishwa. Kwa miaka mingi mtu wa stoo anaonekana pale tu kitu kinapokosekana, na siku ile nilionekana.

Nilimkuta Mama Zawadi kwenye jiwe lake. Mvua zilikuwa zimeanza. Nilipomtajia idadi, mikono yake ilisimama, na kabla ya siku ile sikuwahi kuiona ikisimama.

"Milulu ya wakati wa mvua haikauki, mwanangu," alisema. "Tunaikata mwezi wa sita, wa saba, ikishakomaa. Sasa hivi ni maji tupu."

"Kausheni juu ya moto. Tafuta wenzako msaidiane."

"Wenzangu wanasuka, lakini si hivi."

"Mama, ni shule. Wakipenda mwaka huu, ni kila mwaka. Fanyeni mnavyoweza."

Lori likapita. Halafu akasema, "Haya, kama wewe ndiye unasema." Aliniamini kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nabonyeza vitako.

Vilikuja Januari, mia tatu na hamsini, na Mama Zawadi alivikabidhi kwa jina lake. Kijijini kwake walisuka wanawake ishirini na zaidi. Sikuvibonyeza. Nilivihesabu tu nikavigawa, na hakuna mtoto aliyeleta maiti ya chochote.

Kufika Pasaka mabweni yalinuka. Vikapu vilikuwa vimeota ukungu mweusi, mishikio ilikatika, vitako vililegea. Wasichana walikuwa wakiingia navyo kwenye maji bafuni kila siku. Hilo ni kweli. Milulu ilikatwa mbichi. Na hilo huenda ni kweli. Lipi liliua? Hapo ndipo palipohitaji meza na kisu. Lakini mkuu alikuwa amekasirika, wageni walikuwa wanarudi baada ya wiki, na mimi nilikuwa na aibu ya kunitoa jasho. Nilivikusanya vyote nikavitupa kwenye shimo la taka nikavichoma kwa siku moja. Havikuungua vizuri, vilitoa moshi hadi jioni. Sikupasua hata kimoja. Kwenye daftari la vifo sikuandika kitu. Shule ikanunua beseni za plastiki.

Mama Zawadi alikuja siku tatu baadaye, amevaa nguo za kanisani. Alikuwa amesikia.

"Nasikia wanangu wamekufa wote," alisema pale mlangoni. "Wamekufa na nini?"

"Vilioza, mama."

"Vilioza na nini? Maji ya kwenu ama milulu yangu? Sokoni wanasema Mama Zawadi anauza uozo. Nionyeshe, nijue. Kama ni mimi, nikubali."

Nikamwambia nimevichoma.

Aliniangalia kama hajanisikia vizuri. "Vyote?"

"Vyote."

"Kwetu huziki mtu mpaka ndugu zake wafike," alisema. "Wewe ni wa huku huku, unajua. Umezika kabla sijafika."

Nilitaka kumwambia samahani, ikakwama. Akageuka akaondoka, anapita pembeni ya njia ili viatu visiingie matope. Kwa mwezi mmoja aliendelea kukaa kwenye jiwe lake. Watu walikuwa wakipita wakivinusa vikapu vyake na kucheka. Halafu jiwe likabaki tupu. Kila nilipopita nililiangalia, kisha nikajifunza kupita upande wa pili wa barabara.

Miaka iliyofuata niliifanya kazi vizuri, mnaweza kushuhudia. Maiti kwanza iliendelea. Vitu vya kujiita rafiki wa mazingira vikawa vingi: brashi za mianzi zilizofungwa kwenye nailoni, sabuni ya asili yenye picha ya jani na harufu ya petroli. Wauzaji waliingia na vipeperushi, nami nikawapa kiti. Mkiletewa kitu, msisome kilichoandikwa juu yake. Ulizeni hivi: kikikatika, nani hapa Iringa atakishona? Kikioza, kitaozea wapi? Na je, tunakihitaji, au tunahitaji kuonekana tunacho? Hilo la mwisho nimelipata kwa gharama, na si mimi niliyeilipa.

Wiki yangu ya mwisho, wakati wa kuhesabu vitu vya makabidhiano, nilipanda ile ngazi "nzima" kufikia rafu ya juu kabisa, kwenye makufuli yaliyokufa. Makufuli yalikuwa ndani ya kikapu. Cheusi, kimelegea upande mmoja, kimepoteza mshikio. Kilikuwa kimoja cha vile mia tatu na hamsini. Sijui nani alikipandisha. Pengine mimi mwenyewe, kabla ya moto, nikasahau. Nilikaa juu ya ngazi nimekipakata, na nililia, watu wazima tunavyolia, bila sauti, ili msinisikie.

Jumamosi nilivuka daraja la Ruaha Mdogo nikapanda kijijini kwake. Nilikuwa nimekifunga kikapu kwenye khanga safi. Mama Zawadi amezeeka. Alikuwa ameketi kwenye kibao nje ya jiko anachambua maharage, na macho yamepata ukungu, lakini sauti yangu aliijua.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Nani kafa?"

"Nimeleta maiti, mama. Nimechelewa."

Nikakiweka mapajani pake. Aliifungua khanga, akakishika. Hakukiangalia sana, alikipapasa. Aliomba kisu. Nikampa cha Mzee Mwambene, ambacho natembea nacho bado. Akakata kitako, akachomoa uzi mmoja wa milulu, akauvunja, akaunusa, akautia mdomoni kidogo akautema.

"Mbichi," alisema. "Huyu alikuwa anaoza kabla hajafika kwenu. Maji ya bafuni yamemmalizia tu."

Akazungusha kidole kwenye ukingo, polepole, mara mbili, akitafuta kitu.

"Nilikuwa naomba awe wa mkono wa mtu mwingine," alisema. "Miaka yote hiyo nilikuwa nasema moyoni, wenzangu ndio walioharibu. Ukingo huu ni wangu. Naanzia kushoto, mimi. Huyu nimemsuka mwenyewe." Akaweka kisu chini. "Nilijua milulu haijakomaa. Nikasuka. Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Basi ameuawa na wawili."

Nikamwomba radhi. Nilisema maneno yote niliyoshindwa kuyasema pale mlangoni. Aliyasikiliza mpaka mwisho, halafu akarudi kwenye maharage yake, nami nikachukua upande wangu wa ungo tukachambua pamoja. Sikutegemea aseme kitu. Nilikuwa nimekuja kuleta jibu, na jibu lilikuwa limefika.

Nilipoinuka kuaga, alinishika pindo.

"Maiti umeleta," alisema. "Kwa hiyo una haki ya mpya."

"Mama, macho yako..."

"Nasuka na macho mimi? Kimoja. Kimoja tu, siyo mia tatu. Na siyo sasa, milulu bado. Nitakata mwezi wa saba, nianike, niache ilale. Njoo mwezi wa tisa. Ukija kabla ya hapo nakufukuza."

Ninaandika hii mwezi wa tano. Sokoni Ipogolo naenda na ndoo ya zamani ya jikoni kwangu, niliyoitia sikio la waya na kipande cha tairi kama alivyonifundisha mzee, nabebea nyanya na dagaa. Wauza nyanya wananicheka, wananiuliza mstaafu mzima amekosa hata kikapu. Nawaambia ninacho, bado kiko bondeni, hakijakomaa.